Moshi Hautibiwi Siku ya Ukaguzi

Kaka mmoja wa Mtwapa ameniandikia wiki hii. Amenunua matatu yake ya kwanza kwa mkopo wa sako, Hiace ya dizeli iliyokwisha kula barabara, na ukaguzi wa mwaka umekaribia. Fundi amemwambia gari litaangushwa kwa sababu ya moshi, na papo hapo akampa dawa: "Tutapunguza mafuta kwenye pampu, ukishapita tunarudisha." Kaka anauliza kama hilo ni sawa. Nilianza kumjibu kwa simu, jibu likarefuka, nikaona heri niliweke hapa, maana wengi mnaonisoma mnatafuta kile anachokitafuta yeye: gari la kwanza, kisha la pili, kisha na wewe uheshimiwe kwenye mkutano wa wenye magari.

Kaka yangu, usikubali. Na sababu ya kulisema hili kwa ukali ninayo.

Gari langu la kwanza ni la urithi. Marehemu baba alilitembeza baina ya mjini na Mtwapa kwa miaka mingi, na gereji aliyokuwa akilipeleka ndiyo niliyoendelea nayo, kwa kumheshimu yeye. Pale nilikuwa mama wa kutajiwa bei, si wa kuelezwa kazi. Nikiuliza kilichoharibika, fundi anamjibu dereva wangu, nami nimesimama hapo hapo. Wakati wa ukaguzi ulipofika nikaambiwa gari limefanyiwa sevisi kamili. Nikalipa, likapita, nikawapigia ndugu zangu kuwapa habari njema.

Furaha haikufika mbali. Dereva akaanza kulalamika kwamba gari likijaa halivuti, hata daraja la Nyali linalishinda, na lile si mlima. Abiria wa Mombasa hana subira na gari zito: anashuka Bombolulu anapanda la nyuma. Hesabu ya jioni ikawa inapungua, na mimi nikawa namshuku dereva wa watu bure. Kumbe fundi alikuwa amegeuza skrubu ya mafuta kwenye pampu ili moshi upungue kwa siku ile moja, wala hakuniambia. Dereva alipomrudia, akairudisha pale ilipokuwa mwanzo. Nguvu ikarudi, na moshi ukarudi, mweusi, mtu wa nyuma haoni barabara. Polisi wakatusimamisha. Steji nzima ikaanza kuniita Mama Ubani. Mpaka leo kuna makanga ambaye akiniona huniuliza chetezo kiko wapi. Wao wanacheka, lakini mimi lile jina liliniuma sana, kwa sababu lilibandikwa kwenye gari la baba yangu, na baba alikuwa akilifuta gari lile kila alfajiri kabla halijatoka.

Nikahama gereji. Huko Kisauni nikaelekezwa kwa fundi mmoja mzee, ambaye kabla hata ya kufungua boneti aliniuliza mimi, si dereva:

"Moshi una rangi gani, mwanangu?"

"Mweusi."

"Muda wote, au likikanyagwa?"

"Likikanyagwa."

"Basi injini imekosa hewa, au mafuta yanaingia vibaya. Pampu tutaigusa mwisho."

Yale maswali mawili yamenifaa kuliko fedha zote nilizotoa kule nyuma. Moshi mweusi ni mafuta ambayo hayakuungua yote kwa kukosa hewa ya kutosha, au kwa sababu nozo, kile kinachopuliza mafuta ndani ya injini, inayaingiza kama matone. Wa buluu ni oili inayoungua: ringi zimechoka, au sili za valvu, au za tabo, ile inayosukuma hewa ndani ya injini, kama gari linayo. Mweupe wa asubuhi unaotoweka injini ikipata moto si wa kukutisha, ila mweupe usiokwisha huku maji ya rejeta yanapungua, hapo itazame gasketi ya hedi haraka. Fundi asiyekuuliza rangi ya moshi kabla ya kukutajia bei, muage.

Na ujue gari linapimwaje. Kwa dizeli, gari linasimama, gia haijaingizwa, mafuta yanakanyagwa kwa ghafla hadi mwisho, kisha linaachwa litulie, na hivyo tena na tena. Palipo na mashine, inapima moshi wa ekzosi unaziba mwanga kiasi gani. Mkanyago ule wa ghafla ndio unaofichua kila kitu, kwa sababu mafuta huwahi na hewa huchelewa. Gari lenye njia safi ya hewa hutoa pumzi moja hafifu kisha likanyamaza. Ndiyo maana mzee wangu alianza na hewa.

Alipofungua eya klina, yaani kichujio cha hewa, jamani, lilitoka vumbi la kujaza kikombe. Mnakumbuka upanuzi wa barabara ya Mtwapa ulivyotulisha vumbi. Basi magari yetu yalilila kutushinda. Lakini kwenye risiti zangu za gereji ile ya kwanza, eya klina mpya ilikuwa imeandikwa kila sevisi. Nilizilipia zote. Tangu siku hiyo sinunuliwi kipuri: nakinunua mwenyewe, nasimama hadi kifungwe, na cha zamani naondoka nacho. Nanyi fanyeni hivyo. Msione haya mbele ya fundi, hasa sisi wanawake. Fedha ni zetu na mkopo ni wetu.

Baada ya hewa, nozo. Zilifunguliwa zikapelekwa kwa wenye mashine ya kuzipimia. Nozo nzima hunyunyiza ukungu mwembamba. Zangu zilikuwa zinakojoa, kama wasemavyo mafundi, na tone la dizeli haliwahi kuungua lote, linageuka masizi. Zikabadilishwa ncha na kurekebishwa presha ya kufungukia. Kazi hii ina gharama yake, sitakudanganya, ila ndiyo iliyolitibu gari langu. Oili na fueli filta zikabadilishwa siku hiyo hiyo, valvu zikawekwa sawa. Pampu haikuguswa.

Kisha mzee akanusa tangi, akanitazama. Dereva niliyekuwa naye wakati huo alikuwa akinunua dizeli ya mitungi, ile inayouzwa kando ya barabara na watu wasio na kituo. Sote tunajua kuna mafuta yanayochanganywa na mafuta ya taa. Tatizo lilikua hadi mwaka 2018 serikali ya Kenya ikaweka tozo ya shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta ya taa ili kuuvunja mchezo huo. Mafuta ya taa hayalainishi kama dizeli, na pampu na nozo hulainishwa na hayo hayo mafuta yanayopita ndani yake, kwa hiyo husagika polepole bila wewe kujua. Inasikitisha zaidi kwa sababu dizeli halali tunayo: Januari 2015 kiwango chetu cha salfa kilishushwa hadi sehemu 50 kwa milioni, na yote inashuka hapa hapa bandarini kwetu. Mtu yuko Mombasa, mlangoni pa mafuta ya nchi nzima, halafu analinywesha gari lake uchafu kwa kuokoa shilingi chache! Yule dereva tuliachana. Wa sasa hujaza kituo kimoja na huleta risiti.

Wenye magari madogo ya petroli msidhani hayawahusu. Kwenu tazameni plagi, sensa ya oksijeni, na ile taa ya injini kwenye dashibodi ambayo wengine huifunika kwa stika. Chumvi ya hewa yetu hula ekzosi, na ikitoboka mbele ya sensa, hewa ya nje huingia, kompyuta ikadhani mafuta ni haba na kuongeza. Na lindeni masega, kile kifaa ndani ya ekzosi kinachosafisha moshi. Ndani yake mna platinamu, paladiamu na rodiamu, madini ya thamani, ndiyo maana kuna mafundi wanaokushauri yatolewe "gari lipumue". Ukikubali, wao wanayauza, na wewe unabaki na gari linalomwaga kaboni monoksaidi bila kizuizi. Ukiacha gari gereji, piga picha chini kabla ya kuondoka.

Siku yenyewe ya ukaguzi, kule kituoni Miritini, haina maneno mengi. Unalipia na kuchagua siku kupitia eCitizen, mtandao wa huduma za serikali, unaosha gari, unahakikisha breki, taa, mikanda na tairi ni nzima, maana moshi si kitu pekee kinachotazamwa. La kwangu nililipitisha Mazeras kwanza, kwa mwendo wa kuvuta, ili injini iwe moto na masizi ya zamani yatoke kwenye bomba. Ukilitoa nyumbani likaenda kwa foleni ya Makupa na Changamwe, linafika limejaa masizi ya kusimama-simama. Nilipofika pale geti kijana mmoja akaniambia nikimpa kitu kidogo gari halitakanyagwa sana. Nikamjibu kwa sauti, watu wakasikia, kwamba nataka likanyagwe mpaka mwisho.

Likakanyagwa. Ikatoka pumzi ya kijivu, mara moja, kisha hakuna kitu. Nilisimama pale nikamkumbuka baba na nikalia, na sioni haya kuandika hivyo.

Ndugu zangu wenye magari, tusijidanganye kwamba huu ni usumbufu wa serikali tu. Mwaka 2012 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani, lililo chini ya Shirika la Afya Duniani (WHO), lilitangaza kwamba moshi wa dizeli husababisha saratani kwa binadamu. Anayeuvuta ni nani? Ni makanga wako anayening'inia mlangoni toka alfajiri. Ni mama anayeuza mahamri pale steji, na mtoto aliyefungwa mgongoni mwake Kongowea, anayevuta kinachotoka kwenye ekzosi yako. Ukimlipa broka akupitishe, wao hawajapita. Mwenyezi Mungu ametupa riziki barabarani. Haifai tuwatie watu maradhi kwa riziki hiyo hiyo. Na wewe unayetaka gari la pili, anza kulilea hili la kwanza mwezi huu, si wiki ya ukaguzi. Eya klina ipigwe upepo kila wiki kama njia yako ina vumbi. Oili kwa wakati. Mafuta ya kituo. Ninarudia kwa sababu najua kuna anayesoma hapa na mtungi uko butini.

Kaka wa Mtwapa, mwambie fundi wako aache pampu. Badilisha eya klina na fueli filta, peleka nozo zikapimwe, kisha linunulie dizeli safi na ulitembeze siku kadhaa. Moshi mweusi ukibaki, nirekodie video ya ekzosi likikanyagwa, asubuhi likiwa baridi na tena likishapata moto. Hapo tutazungumza habari ya pampu, na itapelekwa kwa mwenye mashine ya kuipimia, nitakuelekeza kwake mwenyewe.