Karatasi Pekee Haitoshi

Mhariri, swali lenu la wiki hii linauliza: ukiacha kesi za uchaguzi wa urais, Mahakama ya Juu ya Kenya imemfaa nini mwananchi wa kawaida? Nimefanya ukarani katika ofisi ya mawakili hapa Mombasa kwa miaka mingi. Kazi yangu ni kubeba mafaili, kusajili hati na kuwasikiliza wateja kabla wakili hajafika. Kwa hiyo jibu langu linatoka kaunta.

Kesi za urais tunazijua sote. Ile ya 2013 ilitupiliwa mbali, tarehe 1 Septemba 2017 uchaguzi ukafutwa, na 2022 ombi likagonga mwamba tena. Siku hizo kumi na nne za kusikiliza kesi, hata barazani watu huwataja majaji saba kwa majina kama wachezaji wa timu. Hukumu ikishasomwa, mahakama husahauliwa kana kwamba imefungwa milango kwa miaka mitano.

Kumbe kati ya uchaguzi na uchaguzi majaji wale wale huamua mambo ya viwanja, mirathi, ndoa, vifungo na kodi, na kwa Kifungu cha 163(7) cha Katiba uamuzi wao unazifunga mahakama nyingine zote. Nikiziweka hukumu zao za miaka ya karibuni pamoja, naona uzi mmoja. Mara nyingi wamemwambia mwenye karatasi kwamba karatasi yake pekee haitoshi, na wasio na karatasi wakawaambia kwamba hata wao wana haki. Si kila mara, na nitakuja hapo.

Nianze na Nyali, hapa hapa Mombasa. Tarehe 21 Aprili 2023 waliamua kesi kati ya kampuni ya Dina Management na Serikali ya Kaunti ya Mombasa. Kiwanja chenyewe kiko ufukweni. Aliyegawiwa kwanza, mwaka 1989, ni Rais wa wakati huo, Daniel arap Moi. Baadaye kikauzwa kwa kampuni nyingine, nayo ikawauzia Dina. Mwaka 2017 kaunti ikaubomoa ukuta uliotazama bahari, ikisema hapo pana njia ya umma ya kushukia ufukweni. Kampuni ikaenda kortini na hatimiliki mkononi. Ilikuwa imenunua, imelipa na imesajiliwa. Kwa hesabu za watu wengi, kesi ilikuwa imekwisha kabla ya kuanza.

Majaji hawakuishia kwenye hati. Walirudi nyuma kutoka mnunuzi hadi mnunuzi mpaka 1989, wakauliza: ardhi hii ya umma ilitokaje mikononi mwa umma? Haikuonyeshwa kwamba utaratibu wa kuigawa ulifuatwa. Basi ikiwa mgawiwa wa kwanza hakupata kitu kihalali, hakuwa na kitu cha kuuza, na aliyenunua baadaye, hata kama alinunua kwa nia njema, hakununua kitu. Kifungu cha 40(6) kinasema ulinzi wa mali hauifikii mali iliyothibitika kupatikana kinyume cha sheria.

Sisi wa Pwani tuliisoma hukumu ile kwa namna yetu. Njia ngapi za kwenda baharini zimezibwa kwa kuta, wavuvi na watoto wakazungushwa kilomita nzima kufikia maji wanayoyaona kwa macho? Kila ukuta ulikuwa na hati nyuma yake.

Ofisini kwetu mambo yalibadilika papo hapo. Zamani mteja akija kununua kiwanja tulifanya sachi, yaani kukagua rejista, kwa msajili wa ardhi. Ikitoka jina la muuzaji, bila rehani wala zuio, tulimwambia alipe. Baada ya hukumu ile alikuja mama mmoja mwenye duka la nguo, hati ya muuzaji imo ndani ya bahasha ya kaki, sachi yake safi kabisa. Wakili akakataa kumwandikia mkataba kabla hatujapata ramani ya upimaji na barua ya kwanza ya kugawiwa kiwanja. Nilihangaika na faili hilo kwenda na kurudi, na nilipopata ramani ya zamani ya mtaa ule, pale penye kiwanja paliandikwa kuwa ni nafasi ya shule. Muuzaji alikuja juu, akasema hati ilitolewa na serikali yenyewe, sisi ni nani hata tuikatae? Kilichonishangaza ni kwamba hata mama naye alitukasirikia sisi. Alikuwa ameshakipenda kiwanja. Akachukua bahasha yake akaenda kutafuta ofisi nyingine.

Hapo ndipo penye lawama yangu kwa uamuzi ule, ingawa naukubali. Anayelia ni mnunuzi wa mwisho. Afisa aliyetia sahihi miaka hiyo amestaafu zamani na pensheni yake anakula.

Kwenye ndoa nitapita haraka, kwa sababu hukumu yenyewe ilisomwa vibaya kuliko zote. Tarehe 27 Januari 2023 mahakama ilisema kwamba wanandoa kuwa sawa chini ya Kifungu cha 45(3) hakumaanishi mali igawanywe nusu kwa nusu wanapoachana. Kila mmoja aonyeshe mchango wake. Mitandaoni wanaume walishangilia kweli kweli. Wachache walisoma hadi mwisho wakaona kwamba katika kesi ile ile mke aliondoka na nusu yake, kwa sababu mchango wake ulionekana. Na mchango si pesa tu. Sheria ya mali ya wanandoa ya 2013 inahesabu pia kulea watoto na kazi za nyumbani. Nawaambia wanawake wanaokuja kaunta: weka risiti, weka ujumbe wa simu, mtaje jirani aliyekuona ukiwapikia mafundi wakati nyumba inajengwa.

Sasa lile lililotupandisha joto zaidi huku Pwani. Tarehe 30 Juni 2025 mahakama iliamua kwamba watoto waliozaliwa nje ya ndoa wasinyimwe urithi wa baba yao Mwislamu kwa sababu tu wazazi wao hawakuoana. Ijumaa iliyofuata, khutba niliyoisikia haikuzungumzia kingine.

Hoja za masheikh si za kupuuzwa. Mafungu ya mirathi yametajwa katika Kurani, Suratun-Nisaa, na kwa madhehebu ya Shafi tunayoyafuata wengi hapa, mtoto wa nje humrithi mama yake na jamaa za mama, si baba. Tena Katiba yenyewe, katika Kifungu cha 24(4), inakubali haki ya usawa ipunguzwe kwa kiasi kinacholazimu kabisa ili sheria ya Kiislamu itumike mbele ya Mahakama ya Kadhi katika mambo ya ndoa, talaka na urithi. Majaji wakashikilia hapo hapo: kumbagua mtoto kwa jambo lililofanywa na wazazi hakulazimu. Kwa wengi wetu hilo lilisikika kama watu wa nje wanaingia chumbani kutupangia vyombo.

Mimi ni Mwislamu na ubishi huu sitaumaliza kwenye ukurasa wa gazeti. Ila kaunta imenionyesha upande ambao khutba haikuugusa. Katika mafaili ya mirathi niliyoyabeba, marehemu mara nyingi aliwajua wanawe wa nje vizuri sana. Alilipa karo. Jina lake limo kwenye cheti cha kuzaliwa. Wengine walikula naye Idi. Alipokufa, ikaonekana hakuacha chochote kilichoandikwa, na watoto wakawa wageni nyumbani kwa baba yao siku ya matanga. Sheria yetu wenyewe ilimpa njia: wasia hadi thuluthi ya mali kwa asiye mrithi, au hiba, yaani zawadi ya mali, angali hai. Hakuitumia, maana kuitumia ni kukiri mbele ya mkewe.

Tangu uamuzi ule wanaume wamekuwa wakija, aghalabu saa za adhuhuri ofisi ikiwa tupu, kuulizia wasia. Huanza kwa kusema ni wa rafiki yao. Mmoja aliuliza kama wasia unaweza kuandikwa bila majina ya watoto. Nikamwambia, mzee wangu, bila majina atapewa nani? Akacheka, akaomba kiti. Sijui majaji walikusudia nini, lakini ikiwa hukumu yao imewafanya kina baba waandike wakiwa hai, masheikh na majaji hawako mbali kama kelele zinavyoonyesha.

Waliokuwa hawana karatasi kabisa ni wakazi wa kijiji cha Mitumba, karibu na uwanja wa ndege wa Wilson jijini Nairobi. Septemba 2011 walipewa siku saba za kuhama, kwa tangazo la gazetini. Novemba nyumba zikabomolewa pamoja na shule, ilhali kesi yao ilikuwa kortini. Walishinda Mahakama Kuu, wakashindwa Mahakama ya Rufaa, na tarehe 11 Januari 2021 Mahakama ya Juu ikasema kwamba hata asiye na ardhi anayeishi kwenye ardhi ya umma ana haki ya makazi ambayo serikali haiwezi kuikanyaga kwa tingatinga. Ni uamuzi mzuri, naupenda. Lakini ulichukua miaka tisa na ushei, na Mei 2024, baada ya mafuriko, matingatinga yalishuka tena kwenye mitaa ya mabanda ya Mathare na Mukuru jijini Nairobi, watu wakiahidiwa shilingi 10,000 kwa kila kaya. Kwa hiyo msomaji anayesema hukumu nzuri haijengi nyumba, hapo sina la kumjibu.

Kwenye vifungo wamekuwa wagumu. Tarehe 14 Desemba 2017 walifuta ulazima wa hukumu ya kifo kwa mauaji, ili jaji aweze kumsikiliza aliyepatikana na hatia kabla ya kuamua adhabu. Magereza yakajaa matumaini, kila mfungwa akitaka faili lake lifunguliwe upya. Julai 2021 wakafafanua kwamba walizungumzia mauaji tu, na Aprili 2024, katika kesi ya kunajisi mtoto, wakarudisha kifungo cha miaka 20 ambacho Mahakama ya Rufaa ilikuwa imekipunguza hadi 15. Kima cha chini kilichowekwa na Bunge, walisema, jaji hawezi kukipuuza. Hapo nakubaliana nao bila kusita.

Siwezi kukubaliana nao kwenye kodi. Mahakama ya Rufaa ilikuwa imeifuta Sheria ya Fedha ya 2023 nzima tarehe 31 Julai 2024, na sababu mojawapo ilikuwa kwamba wananchi walitoa maoni lakini Bunge halikueleza kwa nini lilikubali haya na kuyatupa yale. Tarehe 29 Oktoba 2024 Mahakama ya Juu ikairudisha. Ikasema Bunge halilazimiki kutoa sababu hizo, na kwamba kipengee kilichobadilishwa baada ya maoni kukusanywa si lazima kirudishwe kwa wananchi kila mara. Naelewa hofu yao. Bajeti ikipigwa breki kila mwaka, serikali haiendi, na sheria ambayo imeshakusanya kodi mwaka mzima ikifutwa, nani atamrudishia nani?

Ila majaji waliochimbua kiwanja cha Nyali hadi 1989 walipofika Bungeni walitosheka na juu juu. Walionyeshwa kwamba vikao viliitishwa na maoni yakapokelewa, wakaridhika. Nimewahi kuhudhuria kikao cha maoni ya bajeti ya kaunti. Tulitia sahihi daftari la mahudhurio, tukapewa soda na mandazi, na aliyeuliza kuhusu ada za soko akaambiwa muda umekwisha. Daftari lile liko mahali fulani sasa, limejaa sahihi zetu, na kesi ikifika mbele ya jaji litatolewa kama ushahidi kwamba tulishirikishwa. Ningependa siku moja majaji saba waliulize lile daftari maswali waliyoiuliza hati ya Nyali.

Karani wa mawakili, Mombasa