Nimuulize Bibi habari za Zafarani?

"Shangazi, shikamoo. Mimi ni msichana wa miaka 29, mzaliwa wa Unguja. Kwa kina mama tumelelewa tukiambiwa kuwa sisi ni Waarabu wa Omani, basi. Mwaka jana kaka yangu aliyeko Kanada alipima vinasaba kwa mate. Majibu yakaja kwamba zaidi ya nusu ya asili yake ni Afrika, na uzi wa upande wa mama, yaani mama mzaa mama kurudi nyuma, ni wa Kiafrika. Nilipomwambia mama mkubwa alinifokea: 'Makaburi hayafukuliwi!' Mama alilia tu. Ndipo nikakumbuka kuwa Bibi, mama yake mama, aliwahi kumtaja bibi yake mzaa mama kwa jina moja, Zafarani, bila ubini. Bibi anakaribia miaka 90 na akili yake ni timamu. Nimuulize au niache? Na mimi sasa niseme ni nani?"

Marahaba, mwanangu. Muulize, tena usikawie. Lakini yako mambo inafaa uyajue kwanza, maana ukimwendea na karatasi ya kaka yako mkononi utamfunga mdomo.

Zafarani, Feruzi, Almasi, Mabruki. Majina ya namna hii, yakisimama peke yake bila jina la baba, Unguja ya zamani mara nyingi yalikuwa ya watu waliotumikishwa, na waliowapa ni mabwana zao. Ukihesabu vizazi, bibi yake Bibi alikuwa mtoto kwenye miaka ya 1880 hivi. Soko la watumwa la Mkunazini lilikuwa limeshafungwa tangu 1873, lakini biashara yenyewe iliendelea kwa magendo, na watoto ndio waliokuwa rahisi kufichwa. Kwa hiyo yawezekana sana kwamba aliingia nyumba ya wazee wako akiwa mtumwa, kisha akawa suria, yaani mtumwa wa kike aliyewekwa na bwana wake kama mke bila ndoa. Amri ya mwaka 1897 iliyoondoa utumwa Unguja na Pemba haikuwagusa masuria. Wao walisubiri mpaka 1909.

Mtoto wa suria, baba akimkubali, kwa sheria ya dini ni huru, ana jina la baba yake na anarithi sawa na mtoto wa mke wa ndoa. Sayyid Barghash, aliyetawala Zanzibar kuanzia 1870, mama yake alikuwa suria wa Kihabeshi. Basi huo Uomani wenu si uongo, wala mama mkubwa hakukudanganya katika hilo. Alichokunyima ni mama.

Na hapo mimi nasimama na Zafarani. Watakuja watakaokwambia alikuwa mke tu, alivishwa dhahabu, alipendwa. Huenda alipendwa. Lakini hakuna aliyemuuliza, hakuna wa kwao aliyekuja kupokea mahari, na jina aliloitwa na mama yake halikupita mlangoni pamoja naye. Usikubali historia yake ilainishwe ili harusi zenu zipendeze. Aibu, kama ipo, ni ya walionunua mtoto. Yeye aliyenunuliwa hana aibu ya kubeba, wala ninyi wajukuu zake.

Lakini usimhukumu Bibi kwa kunyamaza. Tazama aliyoyapitia. Alikuwa mtoto wakati wa Vita Kuu ya Pili, mgao wa mchele ulipofuata kabila ambalo mtu ameandikwa nalo. Hata kabla ya hapo, serikali ilipohesabu watu mwaka 1924 na tena 1931, maelfu walikuwa wamebadilisha namna wanavyojitaja, na haikuwa kwa upuuzi: kabila lilikuwa riziki. Posa nazo zilikuwa zikirudishwa kwa neno "si kufu yetu." Halafu yakaja Mapinduzi ya Januari 1964, Bibi ni mwanamke kijana, na ule Uarabu uliokuwa ngao ukageuka kuwa kitu cha kumuuza mtu. Waliomficha Zafarani wakaanza kumficha na yule bwana wake Mwarabu. Mwanamke aliyeishi hivyo mara mbili amejifunza kwamba swali la "wewe ni nani" huulizwa na mtu mwenye daftari au mwenye bunduki. Wewe utakuwa wa kwanza kumuuliza kwa mapenzi, naye hatalijua hilo mpaka umwoneshe.

Sasa hiyo karatasi ya Kanada. Kila mtu hurithi nusu kwa mama na nusu kwa baba, na nusu hizo hugawanyika kila kizazi. Zafarani kwenu ni kizazi cha nne, kwa hiyo mchango wake kwa kaka yako ni takriban sehemu moja katika 16. Ule uzi wa mama haupungui, hupita kutoka kwa mama hadi kwa watoto karibu bila kubadilika, ndiyo maana ulionekana. Lakini Zafarani mmoja hawezi kuleta zaidi ya nusu! Waafrika katika nasaba yenu ni wengi, wa kike na wa kiume, kwa baba na kwa mama, na wengi wao hawakuletwa na jahazi lolote. Mwaka 2023 wataalamu walitoa matokeo ya vinasaba vya watu waliozikwa zamani katika miji kama Kilwa, Songo Mnara na Mtwapa. Walikuta mchanganyiko ulioanza kama miaka elfu moja iliyopita: upande wa akina mama Afrika kwa sehemu kubwa, upande wa akina baba Uajemi, na asili ya Kiarabu ikaongezeka baada ya 1500. Pwani hii ndivyo ilivyozaliwa. Anayedai kuwa mtupu wa upande mmoja ndiye mwenye deni la ushahidi.

Usitegemee kipimo kikupe kabila. Kinalinganisha mate yenu na ya watu waliokwisha kupimwa, na wa huku kwetu waliopimwa bado ni wachache. Kabila, kama lipo la kupata, liko kwa Bibi.

Nenda alasiri, watoto wakiwa chuoni kusoma Kurani. Usianze na Zafarani, wala neno suria lisikutoke. Anza na Bibi mwenyewe: nani alimlea, nani alimfundisha kupika, somo wake alikuwa nani alipovunja ungo, ngoma gani zilichezwa. Unyago wa Unguja umekuja na wanawake wa bara, kwa hiyo mlango huo uko karibu na Zafarani kuliko mwingine wowote. Akishachangamka, muulize Zafarani alikaa wapi: mjini, shamba, au Ng'ambo, ule upande wa pili wa Mji Mkongwe walikohamia wengi waliopata uhuru? Alizikwa wapi? Alikuwa na maneno yake ambayo wengine hawakuyaelewa? Akikutajia Unyasa au Uyao, fikiria njia ya misafara ya watumwa ya Kilwa Kivinje. Akitaja Umanyema, fikiria Ujiji, Tabora, Bagamoyo. Simu ya kurekodi usiitoe kabla ya kuomba ruhusa. Na akisema "mwanangu, tuache hayo", acha, umkandike miguu, urudi siku nyingine.

Ukipata hata jina la bwana au la mtaa, peleka Nyaraka za Taifa, Kilimani. Kuna kumbukumbu za mahakama za mirathi na za wakfu, na wakfu nyingi ziliwekwa kwa ajili ya watumwa walioachwa huru na vizazi vyao.

Wewe ni nani? Ni Mzanzibari, wa Omani na wa Zafarani, na unaweza kuyasema yote mawili bila kuomba radhi upande wowote. Ila usiyaseme kwenye kundi la WhatsApp la ukoo kabla Bibi hajasema, na kaka yako naye mzuie asitume ule mchoro wake. Mama mkubwa akifoka tena, mwitikie kwa adabu na uendelee.

Mama yako je? Hukuniambia kwamba alikukataza. Alilia. Mwombe mfuatane kwa Bibi, akae karibu nawe. Zafarani ni mzee wake kabla hajawa wako, na huenda ana maswali aliyoyameza tangu akiwa msichana.