Klipuoni, raiza au usukani wa bomba: mikono inapona, lakini kona inabadilika vipi?

Mkuu, umesema una CBR600RR, pikipiki ya spoti ya Honda, ukifika Chalinze kutoka Dar vidole vimeshakufa ganzi na viganja vinawaka, na sasa unataka kung'oa klipuoni, yaani vile vishikio viwili vifupi vinavyobana kila kimoja shokapu yake ya mbele, ufunge usukani wa bomba moja kama wa pikipiki za kawaida. Hofu yako ni kwamba ukipanda Lushoto kona hazitakuwa zile tena. Nimeendesha GSX-R600 yangu, spoti ya Suzuki, ikiwa na klipuoni za kiwandani, kisha klipuoni zilizoinuliwa (raiza), kisha bomba, kwenye njia hizohizo unazozitaja pamoja na mlima Kitonga. Kwa hiyo nitajibu kwa nilichokihisi mikononi, na nitaanza kwa kukuambia kuwa Lushoto si mahali pa kuogopa. Pa kuogopa ni pengine kabisa.

Kabla ya kununua chochote, tazama ganzi yako inakaa wapi. Ikiwa kwenye kidole gumba, cha shahada na cha kati, mshipa wa fahamu unaopita katikati ya kifundo cha mkono unabanwa, na mara nyingi chanzo ni kifundo kilichokunjika kwa nyuma. Ikiwa kwenye kidole cha mwisho na cha pete, unaegemea ukingo wa nje wa kiganja. Ile ya kwanza huweza kupungua sana bila kutoa shilingi: legeza leva za breki na klachi, zishushe mpaka mkono wa mbele (kuanzia kiwiko hadi kifundo), kifundo na vidole vikae kwenye mstari mmoja ukiwa umekaa kama unavyokaa safarini, si ukiwa umesimama gereji. Kisha jifunze kubana tangi kwa magoti na kubeba kiwiliwili kwa tumbo na mgongo. Pikipiki ya spoti haikutengenezwa ubebwe na mikono. Ukipita matuta ya Mikumi huku viwiko vimenyooka, kila tuta linapiga moja kwa moja hadi begani. Bandika mpira wa kushika magoti pembeni ya tangi, ni rahisi na unasaidia kuliko watu wanavyodhani, hasa kwenye breki kali.

Kama umefanya hayo na bado unateseka, ndipo usukani wenyewe unaingia kwenye mjadala.

Tuanze na kile unachopata. Klipuoni za pikipiki za cc 600 zina upana wa takriban sentimita 65 hadi 68 ncha kwa ncha. Bomba la aina unayoitaka linafika sentimita 72 hadi 76. Kuingia kona kwa mwendo ni kusukuma: unasukuma mkono wa kushoto mbele, pikipiki inalala kushoto. Sasa kama nusu ya upana wa usukani ilikuwa milimita 340 na ikawa 370, kazi iliyohitaji nguvu ya kilo 10 mkononi inahitaji kilo 9 na kidogo. Inaonekana ndogo kwenye karatasi, lakini kwenye kona za mfululizo unazigeuza kushoto, kulia, kushoto bila kupumua, na hapo unaihisi vizuri. Ndiyo maana nasema Lushoto isikutishe. Ile barabara ya kutoka Mombo ni nyembamba, kona zimejikunja, mwendo ni mdogo, mara unakutana na Noah katikati ya kona na unatakiwa ubadilishe mstari papo hapo. Hapo bomba linakupa faida ya wazi, unaona mbali zaidi kwa kuwa kichwa kiko juu, na mikono haichoki. Nilipopanda na bomba nilifika juu nikiwa mzima kuliko siku zote.

Hasara inakuja kwenye kona ndefu za mwendo, na hapa naomba tuelewane kwa sababu maneno mengi yanayosemwa hayako sawa.

Watu husema ukiinua usukani "uzito wote unarudi nyuma". Si wote. Chukua mtu ambaye kiwiliwili, kichwa na mikono yake ni kilo 50. Akikaa wima kiasi cha uzito huo kurudi nyuma sentimita 5, kwenye pikipiki yenye milimita 1,380 kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma, tairi la mbele linapoteza kilo 1.8 hivi. Hizo ni kidogo kuliko tofauti ya tangi tupu na tangi lililojaa. Sasa mbona mbele panakuwa pepesi kweli? Kwanza ni upepo. Nguvu ya upepo inakua kwa mraba wa mwendo, kwa hiyo kutoka kilomita 100 hadi 140 kwa saa inakaribia kuwa maradufu, na sasa inakupiga kifuani juu kabisa badala ya kupita juu ya mgongo wako. Kifua kinakuwa tanga. Kinakuvuta nyuma, na kwa kuwa kiko juu kinapunguza mzigo wa tairi la mbele. Pili, ili usirudi nyuma unajishikilia kwenye usukani, na usukani huo ni mpana. Kila upepo unapokutikisa, au lori likikupita upande wa pili, mtikisiko unashuka mikononi na kuingia kwenye tairi la mbele. Pikipiki inaanza kuchezacheza, unadhani ni shokapu au tairi, kumbe ni wewe unayeiendesha bila kujua.

Tatu, na hili ndilo lililonichukua muda mrefu kulielewa, ni mwelekeo wa msukumo. Kwenye klipuoni mkono wa mbele unakaa karibu sambamba na barabara, kwa hiyo ukisukuma, nguvu yote inageuza usukani. Kwenye bomba mikono inatoka juu. Wengi wanaishia kukandamiza chini badala ya kusukuma mbele, na kukandamiza chini hakugeuzi kitu. Matokeo yake unahisi pikipiki imekuwa nzito katikati ya kona ilhali kiutaratibu ilipaswa kuwa nyepesi. Dawa yake ni mwili: kunja viwiko, shusha kifua, peleka kidevu kuelekea kioo cha upande wa kona, ukae mbele kidogo ya kiti. Ukifanya hivyo, sehemu kubwa ya hisia ya tairi la mbele inarudi. Ila sasa unapaswa kuifanya kwa makusudi kila kona, wakati klipuoni zilikuwa zinakulazimisha.

Viwanda vyenyewe vinajua hili. Kule Marekani, mashindano ya Superbike ya AMA, chama cha waendesha pikipiki cha huko, yaliyoanza 1976 yalikuwa ya pikipiki za barabarani zenye usukani mpana wa juu, na Eddie Lawson alichukua ubingwa wa 1981 na 1982 akiwa na Kawasaki ya namna hiyo. Kwa hiyo asikudanganye mtu kwamba bomba haliwezi kukimbia. Lakini tazama Ducati walivyofanya walipoivua pikipiki yao ya spoti Panigale V4 kava (plastiki za kukinga upepo) wakaiwekea usukani wa juu na kuiita Streetfighter V4: umbali kati ya ekseli ukatoka milimita 1,469 hadi 1,488, na wakaiwekea mabawa ya kukandamiza mbele. Hawakufunga bomba wakaacha mengine kama yalivyo. Na wewe usifanye hivyo.

Ushauri wangu kwako, kwa pikipiki hiyo na barabara hizo: usianze na bomba. Anza na klipuoni zilizoinuliwa, zile zinazobana shokapu palepale lakini zina kipande kinachopandisha mkono milimita 20 hadi 30 na kuurudisha nyuma kidogo. Helibars wa Marekani wanatengeneza, na kampuni nyingine kadhaa. Milimita 25 unaweza kuzidharau ukizitazama kwenye rula, lakini kwenye kifundo ni mbingu na ardhi. Upana unabaki uleule, kava haziguswi, na ukitaka kujilaza kwenye kona ya mwendo bado unapata nafasi. Mimi hapo ndipo niliporudi na ndipo nilipo mpaka leo. Bomba nililipenda sana Lushoto na mjini, lakini Chalinze kwenda Morogoro kwa mwendo wa barabara kuu shingo na mabega vilikuwa vinachoka badala ya vifundo.

Kama mwendo wako mwingi ni mjini na milimani, bomba ni chaguo halali kabisa. Nunua seti kamili, kama za LSL au ABM wa Ujerumani: bamba la juu linaloshika shokapu likiwa na vishikio vya bomba, bomba lenyewe, na mipira mirefu ya breki, ile inayopitisha mafuta. Tafadhali usikubali fundi akuchomelee vipande vya kurefusha klipuoni. Aluminiamu inapoteza nguvu pembezoni mwa mshono wa kuchomelea, na nimeshika kwa mkono wangu klipuoni ya namna hiyo ikiwa na ufa unaoingia kucha. Wala usikubali ile njia ya mkato ya kupandisha shokapu juu zaidi ya bamba ili klipuoni zikae juu yake. Kwa kufanya hivyo umeshusha pua ya pikipiki, usukani unakuwa mkali wa kugeuka na mtovu wa utulivu, na breki ikibanwa kwa nguvu tairi linaweza kufika kwenye rejeta.

Ukifunga, yapo mambo ambayo siwezi kuyapita haraka. Inua tairi la mbele hewani ili shokapu zinyooke kabisa, kisha geuza usukani mpaka mwisho pande zote: mpira wa breki usivutike hata kidogo. Washa injini, rudia kugeuza: mzunguko ukipanda wenyewe, waya wa resi ni mfupi au umekaa vibaya, na hiyo pikipiki haitoki gereji. Kidole gumba lazima kipite kati ya usukani na tangi. Bomba likigusa kava au kioo cha upepo, wapo wanaozuia usukani usigeuke hadi mwisho. Utaijutia siku ya kwanza kwenye foleni ya Kariakoo. Washa (pete bapa) za shaba kwenye maungio ya breki ziwe mpya, mafuta yawe aina iliyoandikwa kwenye kifuniko, hewa itolewe mpaka leva iwe ngumu. Bolti zikazwe kwa spana ya kupimia nguvu kufuata kitabu cha pikipiki. Na ikiwa ina imobilaiza, mfumo wa kuzuia wizi, ile pete inayozunguka swichi ya funguo ihamishwe bila kukata waya.

Mwisho pima shokapu upya, kwa sababu unakaa tofauti. Ukiwa umekaa juu na mavazi yako yote, mbele ishuke karibu milimita 35 na nyuma karibu 30. Ukikuta mbele inashuka kidogo mno na nyuma inazama, kaza springi ya nyuma kidogo na ulegeze ya mbele, kwa hatua ndogo, huku ukirudia kona ileile unayoijua.

Kwa leo pima vitu viwili: kipenyo cha shokapu pale klipuoni inapobana, kwa kalipa (kifaa cha kupimia vipenyo) si kwa rula, na nafasi iliyopo kati ya kishikio na tangi usukani ukiwa umegeuzwa mwisho. Andika hapa pamoja na mwaka wa pikipiki, nitakuambia kama mipira yako ya sasa itafika au ununue mingine.