Usimfungashie Mzee Virago kwa Sababu ya Simu

Simu huja hivi: "Mzee tumeshindwa naye, njooni mumchukue Ijumaa." Familia zetu nyingi huku Marekani, kwa heshima au kwa kuogopa kugombana na wakubwa wa nyumba ya wazee (nursing home), hutafuta gari na kwenda. Msiende. Simu haimtoi mtu.

Sheria ya shirikisho ya 1987 inazibana nyumba hizo zinazopokea fedha za Medicare (bima ya serikali kwa wazee) au Medicaid (ya wenye kipato kidogo), yaani karibu zote. Mkazi asiyetaka kuondoka hutolewa kwa sababu sita tu: mahitaji yake yamewashinda, amepata nafuu hahitaji tena huduma yao, anahatarisha usalama wa wengine, anahatarisha afya yao, halipi, au nyumba inafungwa. Notisi iwe ya maandishi, kwa lugha anayoielewa, na kwa kawaida siku 30 kabla.

Barua hiyo isomeni kama mnavyosoma hati ya kiwanja. Itaje sababu, tarehe, mahali anapopelekwa, njia ya kukata rufaa, na jina, anwani na simu ya ombudsmani wa jimbo, yaani mtetezi wa wakazi wa nyumba hizi. Ikiandikwa "anakwenda kwa bintiye", na binti hajaulizwa, anaishi ghorofa ya tatu isiyo na lifti, hiyo ni hoja tayari. Mpigieni ombudsmani siku hiyohiyo: hatozi chochote, na siri yenu haitoi bila ruhusa. Rufaa ikiwasilishwa kwa wakati, mzee anabaki kitandani kwake hadi iamuliwe, isipokuwa kubaki kwake kunahatarisha afya au usalama.

Kuhusu deni: ombi la Medicaid ambalo halijajibiwa si kukataa kulipa, mradi karatasi zote zimepelekwa. Zinazokwamisha familia ni karatasi zilizosahaulika. Tunzeni nakala zenye tarehe.

Hila inayoumiza zaidi hupitia hospitali. Mzee anapelekwa usiku kwa homa, akipona anaambiwa kitanda kimeshachukuliwa. Hata siku za kushikiliwa kitanda, yaani za kuwekewa nafasi yake akiwa hospitalini, zikiisha, mkazi wa Medicaid ana haki ya kurudi chumba chake kikiwa wazi, au kitanda cha kwanza kitakachopatikana. Kwa hiyo nguo na picha zake msiziondoe chumbani, na mwambieni ofisa ustawi wa hospitali kwamba mzee anarudi kwake.

Wakisema wameshindwa naye, ombeni faili. Kuliona ni ndani ya saa 24, wikendi na sikukuu hazihesabiwi. Nakala ni siku mbili za kazi. Humo daktari awe ameandika ni hitaji gani limewashinda na nyumba imejaribu nini. Mzee anayepiga kelele usiku huenda ana maumivu na hakuna anayeelewa Kiswahili chake. Kumpa dawa ili tu anyamaze, wahudumu wapumzike, ni marufuku.

Na siku ya kumwingiza, msisaini kama mdhamini wa malipo yake. Hawaruhusiwi kudai hivyo. Andikeni "kwa niaba ya", kisha jina la mzee.