Gololi Haikopi: Tulivyojenga Rola Kosta ya Mezani

Mpwa wangu yuko kidato cha pili. Ijumaa moja jioni aliingia karakana kwangu hapa Tanga akiwa bado na sare, mkononi ana karatasi iliyokunjwa mara nne.

"Shikamoo mjomba. Tumepewa kazi ya fizikia."

"Marahaba mama. Sasa fizikia na mimi wapi na wapi?"

"Wamesema tunaruhusiwa kusaidiwa na mtu wa nyumbani. Baba hajui hata kushika msumeno."

Nikaisoma. Watengeneze mfano wa rola kosta, ile reli ya kwenye viwanja vya starehe inayopanda, kushuka na kupinduka, ila badala ya mabehewa na abiria ipite gololi. Iwe na kilima, kona, na kitanzi kimoja cha kuipindua gololi kichwa chini miguu juu. Gololi iachiwe tu, isisukumwe, na imalizie ndani ya kikombe. Isizidi mita moja kwenda juu. Hakuna mota, hakuna springi, hakuna mpira wa manati. Ni mvutano wa dunia peke yake. Wiki tatu.

Mimi ni fundi umeme, nikaona hii kazi ya watoto. Ikanila Jumamosi tatu na mabomba ambayo sitaki kuyahesabu. Kwa hiyo wewe mzazi, shangazi au mwalimu utakayeletewa karatasi kama ile, soma uharibu vichache kuliko mimi.

Kosa la kwanza lilitokana na kiburi cha ufundi. Kona ya karakana imejaa vipande vya mabomba ya plastiki ya kupitishia nyaya, yale ya milimita 20. Nikachukua kimoja kirefu, nikakijaza mchanga mkavu, nikaziba ncha zote mbili, nikakipasha juu ya jiko la mkaa huku nakizungusha taratibu mpaka kikalegea, kisha nikakikunja kuzunguka kopo la rangi la lita 4. Mchanga ndio unaozuia bomba lisibonyee, kila fundi anajua. Kitanzi kikatoka kizuri kabisa. Tukamwaga mchanga, tukaachia gololi juu, tukasubiri chini. Haikuja.

Gololi za dukani zina kipenyo cha milimita 16 hivi, na uwazi wa ndani wa bomba lile unazidi hapo kidogo mno. Gololi ikishuka inaisukuma hewa mbele yake kama pampu ya baiskeli. Ukiweka sikio kwenye mdomo wa bomba unaisikia inahema. Halafu sehemu moja, pamoja na mchanga wote ule, bomba lilikuwa limebonyea kidogo kuliko jicho linavyoweza kuona, na gololi ikakwama papo hapo. Mpwa wangu aliichokoa kwa waya kwa nusu saa. Na hata ingepita, mwalimu angeona nini? Bomba tupu.

Kwa hiyo njia iwe wazi juu, kama mfereji. Chukua bomba la milimita 25, piga mstari kwa penseli pande zote mbili, libane vizuri, ulipasue katikati kwa urefu kwa msumeno wa chuma. Bomba moja linakupa mifereji miwili. Grainda itakuvutia kwa sababu ni ya haraka, lakini inayeyusha plastiki na kuacha vinundu ukingoni. Mimi nilianza nayo nikaishia kusugua kwa msasa muda mrefu kuliko ambao msumeno ungechukua.

Sasa hesabu. Mchoro wa kwanza wa mpwa wangu ulikuwa na kilima cha pili kirefu kuliko mahali gololi inapoanzia. Nikamuuliza itafikaje pale. "Si itakuwa na kasi, mjomba?" Kasi ya kutoka wapi? Gololi inalipwa mara moja tu, pale juu unapoiachia. Kimo kile ndicho mshahara wake wa safari nzima. Ikipanda kilima inatoa, ikipita kona inatoa, ikigonga kiungo kibovu inatoa, na haikopi popote. Kibaya zaidi, sehemu ya mshahara inakatwa mapema: gololi haiteremki kama sabuni juu ya sakafu, inabiringika, na kule kubiringika nako kunakula. Kwa tufe lisilo na uwazi ndani, mbili ya saba ya nishati yote inakwenda kwenye kuzunguka, inayobaki ndiyo ya kwenda mbele. Ikishuka sentimita 60 bila kupoteza kitu kingine chochote inafika chini kwa mita 2.9 kwa sekunde. Ingeteleza tu bila kuzunguka ingefikisha 3.4.

Kabla hujachora chochote, fanya jaribio hili. Pinda mfereji wako kama herufi U iliyofunguka, achia gololi kutoka sentimita 50 upande mmoja, utie alama inapofika upande wa pili. Mwanasayansi Galileo alishawaza hivi zamani, kwamba pasipo msuguano mpira ungepanda hadi kimo kilekile ulichotoka. Gololi yetu ilifika sentimita 38. Nikaudhika, maana mfereji ulikuwa laini kama kioo. Ndipo nikagundua kwamba mpwa wangu alikuwa ameushika kwa mkono. Tukaufunga kwenye ubao kwa klipu na skrubu, tukaachia tena kutoka palepale: 44. Gololi ileile, mfereji uleule. Sentimita 6 zilikuwa zinaishia kwenye kiganja cha mtoto.

Hili la mtikisiko watu wengi hawaliwazi. Wanahangaika kupaka mafuta ya nazi kwenye mfereji (usifanye hivyo, gololi inateleza hovyo na kuokota vumbi) na huku nguzo zao ni vijiti vya mishikaki vilivyosimamishwa kwa gundi. Kila nguzo inapocheza, inacheza kwa nishati ya gololi. Sisi tulitumia kipande cha plaiwudi kama sakafu na mbao za inchi moja kwa mbili kama nguzo, kila nguzo ikiwa na mkono wa pembeni wa kuizuia. Weka nguzo mbili pale njia inapobadilika, yaani chini ya mteremko, mlangoni mwa kitanzi na kwenye kona. Sehemu zilizonyooka zinavumilia. Kipimo changu ni rahisi: gusa mfereji kwa kidole gololi ikiwa inapita. Ukihisi unatetemeka, hapo kuna mwizi.

Kitanzi tulikifanya cha aina nyingine. Rafiki yangu fundi viyoyozi alinipa mabaki ya ule mpira mweusi laini unaovishwa kwenye mabomba ya shaba ya AC. Ukiupasua kwa wembe unapata mfereji unaokunjika bila moto na bila mchanga. Unakula nishati kuliko plastiki, kwa hiyo tuliutumia kwenye kitanzi peke yake, kwingine plastiki.

Kitanzi kinafeli kwa sababu moja kubwa: gololi ikifika kileleni bila kasi ya kutosha, inauachia mfereji na kudondoka kama embe. Kwa gololi inayobiringika, mahali pa kuanzia panatakiwa pawe juu ya sakafu ya kitanzi kwa angalau mara 2.7 ya nusukipenyo chake. Kitanzi chetu kilikuwa na kimo cha sentimita 18, nusukipenyo 9, kwa hiyo kitabuni ilitosha sentimita 24 na ushee. Tukaanzia 25. Dondo. Tukaanzia 30. Dondo. Kwenye 35 ikapita mara moja katika tatu. Kwenye 38 ikaanza kupita mara tisa katika kumi. Ichukue namba ya kitabuni, iongezee nusu yake, ndipo uanzie hapo. Usizidishe sana, maana gololi yenye kasi kupita kiasi inaurusha mpira laini na kitanzi kinaanza kucheza rumba.

Umbo nalo lina siri. Sisi tulianza na duara kamili, kwa sababu ndilo linalokuja kichwani. Wajenzi wa rola kosta za Marekani mwishoni mwa karne ya 19 nao walianza hivyohivyo, na abiria wakawa wanaumia shingo, kwa sababu kwenye duara mwili unabanwa ghafla mara tu unapoingia. Kitanzi cha kisasa kilikuja 1976 kwenye rola kosta inayoitwa Revolution huko California, kwa hesabu za mhandisi Mjerumani Werner Stengel: kimepanuka chini, kimebanwa juu, kama tone la maji lililosimama. Gololi haina shingo, lakini faida inaipata. Inaingia taratibu bila kugonga, na kwa kuwa kule juu kitanzi ni chembamba, kasi inayotakiwa kileleni ni ndogo. Tulipobadilisha umbo, zile sentimita 38 zikashuka hadi 34. Kumbuka pia kukisogeza kitanzi pembeni kidogo kama koili, vinginevyo njia ya kutokea itaigonga njia ya kuingilia. Kila mtu husahau hili mara ya kwanza, na mimi nimo.

Viungo vifanye kama bati: kipande cha juu kilalie kile cha chini, ili gololi ishuke kijingazi badala ya kukigonga. Hata ukingo wenye unene wa karatasi ukiikabili gololi kwa mbele, gololi inaruka.

Kilima kisiwe na kilele kikali. Tulifanya hivi: tukaacha mfereji uishie hewani, tukaachia gololi iruke, na nyuma yake tukasimamisha karatasi ya manila. Simu ikarekodi mwendo wa polepole, kisha tukachora kwa chaki njia iliyopita hewani. Kilele cha kilima chako kiwe bapa kuliko mchoro ule, basi gololi haitaruka. Na kona iinamishe kwa ndani kama bodaboda anavyolala akipinda. Yetu ililala karibu nyuzi 45.

Hiyo simu itumie kwa kila kitu. Kwa macho tuliapa kwamba gololi inatoka kwenye kona. Video ikaonesha kuwa ilikuwa imeshaanza kuyumba tangu kwenye kiungo kilicho nyuma yake.

Kuhusu gololi ya chuma: mwanafunzi mwenzake alikuja na moja ya beringi ya lori, akasema nzito ndiyo inakwenda kasi. Kwenye hesabu uzito haumo kabisa, nzito na nyepesi zinateremka sawa. Tuliijaribu. Kwenye plastiki haikuachana sana na ya kioo, lakini kwenye mpira wa kitanzi ilizama, na nguzo zikalia. Ile ya kioo ina gramu 5 hivi, hii ya chuma mara tatu yake. Tukabaki na kioo. Mwenzake huyohuyo akatuonesha video ya rola kosta ya Formula Rossa huko Abu Dhabi, kilomita 240 kwa saa, akauliza mbona ile haijapandishwa juu sana. Nikamwambia ile inarushwa kwa mtambo, na wewe mtambo umekatazwa.

Ushauri wa mwisho ni wa usafiri, na haumo kwenye kitabu chochote. Tulipeleka kazi shuleni kwa bajaji, kwenye barabara yenye matuta. Kufika, gololi ikatoka kwenye kilima mara tatu mfululizo na mtoto ana machozi. Plaiwudi haikuwa imevunjika, ila meza ya darasa ilikuwa imelala upande mmoja. Bahati nzuri nilikuwa na levo, kile kipimo cha usawa, mfukoni, tukakunja karatasi tukaiweka chini ya mguu wa meza. Tangu hapo nikaichorea sakafu ya mfano alama mbili za kuwekea levo, na mpwa wangu akaambatanisha karatasi nne zilizokunjwa tayari, kwa selotepu, ubavuni.

Gololi iliingia kikombeni mara nane katika majaribio kumi. Sasa mfano uko karakana, wateja wanaosubiri pasi zao wanauchezea, na mpwa wangu anataka gololi irudi juu yenyewe.

"Hapo mama," nikamwambia, "tumetoka kwa mwalimu wako, tumeingia dukani kwangu. Mota ninazo."