Re: Hilux ya 1991 injini ya 2L, nichukue au niache?

Mkuu, umeuliza kama ununue hiyo Hilux ya dizeli; muuzaji kukwambia kasoro yake "ni bodi tu" isikupumbaze. Bodi utainyoosha hata mwakani. Wasiwasi wangu ni injini na chesisi, yaani fremu ya chuma inayobeba gari.

Nenda alfajiri, kabla hajaiwasha. Gusa boneti, ukikuta ya moto, ujue ameshaipasha ili kuficha kitu. Fungua kifuniko cha rejeta (ya maji ya kupoza injini) ikiwa bado baridi, kisha iwashwe. Mapovu yakitoka mfululizo na maji yakapanda, hapo huenda kuna gasketi ya hedi iliyoungua au silinda hedi (kifuniko cha juu cha injini) yenye ufa. Hizi injini za 2L zikichemka hedi huweza kupasuka, na kununua hedi nyingine ni pesa.

Halafu lala chini yake na bisibisi. Yangu niliinunua inang'aa rangi mpya, nikaona nimelamba dume. Siku ya kwanza kupakia mchanga nikasikia "kaa!" Juu ya ekseli ya nyuma chesisi ilikuwa kutu tupu, imezibwa kwa puti na kupakwa rangi nyeusi. Kwa hiyo gonga kila mahali: chuma kizima hulia, kilichooza hufanya "pu".

Ukiichukua, taimingi belti (mkanda unaopatanisha mwendo wa valvu na pistoni) badilisha siku hiyo hiyo, usiamini maneno ya mtu. Ikikatika, pistoni zinagonga valvu na injini imekwenda. Viti na redio baadaye.

Namba iliyogongwa kwenye chesisi ilingane na ya kwenye kadi ya gari. Ikitofautiana hata tarakimu moja, ondoka zako.