Kabla hujaushusha ukuta: maswali yenu kuhusu vibali vya ukarabati

Barua nyingi safari hii ni za watu wanaoishi ndani ya nyumba ileile wanayotaka kuibomoa. Ada, fomu na muda wa kusubiri kibali hutofautiana kutoka mamlaka moja hadi nyingine, kwa hiyo hayo ulizeni mnakoishi. Mimi nitashika yale yasiyobadilika: mzigo wa nyumba unapita wapi, na nani anawajibika ukikosa pa kupita.

Mhandisi, nataka kuondoa ukuta kati ya jiko na sebule. Fundi ameugonga kwa nyundo, akasema ni wa kugawa vyumba tu. Kibali cha nini tena?

Dada, mwambie fundi aweke nyundo chini kwanza. Kugonga kutamwonyesha kama ukuta ni wa tofali au wa mbao, lakini hakutamwambia umebeba nini. Kuna kuta nyembamba za mbao zilizoshikilia kenchi za paa zima, na kuna kuta nene za tofali zisizobeba kitu zaidi ya rangi yake.

Mzigo hufuatwa kuanzia juu. Paa limekalia nini? Mbao za dari au slabu, yaani bamba la zege la sakafu au paa, zinaelekea upande gani, na zinaishia wapi? Ghorofani kuna ukuta mwingine uliosimama juu ya huu? Ukiona mbao zinaukata ukuta na kuungwa juu yake, chukulia kwamba unabeba. Zikienda sambamba nao kuna nafuu, ila usishangilie, maana huenda ndio unaoizuia nyumba isiyumbe kwa upepo au tetemeko. Na kuna jambo ambalo hata mafundi wazoefu hulisahau: ukuta uliojengwa kwa kugawa vyumba tu, baada ya miaka mingi boriti iliyo juu yake ikilegea kidogo, huanza kubeba bila mtu kuambiwa.

Ndiyo maana kwa ukuta unaobeba, karibu kila mamlaka itataka kibali pamoja na mchoro wa mhandisi wa miundo. Ukipewa mchoro huo usiangalie boriti mpya peke yake, angalia ncha zake. Ukuta ulikuwa ukiutawanya mzigo kwenye urefu wake wote. Boriti inaukusanya na kuutua sehemu mbili. Msingi uliotosha kwa ukuta unaweza usitoshe kwa nguzo hizo mbili. Mchoro usiosema lolote kuhusu msingi chini ya ncha za boriti, urudishe kwa aliyeuchora. Mchoro uonyeshe pia mirunda, yaani nguzo za muda za kushikilia mzigo, itasimama wapi kabla ya tofali la kwanza kutolewa, kwa sababu hatari kubwa iko katikati ya kazi, pale ukuta umeshaondoka na boriti bado iko chini.

Kupaka rangi, kubadilisha vigae na kuweka makabati mapya navyo vinataka kibali?

Kwa kawaida hapana. Umeme na mabomba mara nyingi yana utaratibu wake. Ninachokihofia kwenye kazi ya bafu ni fundi bomba anayekata mbao ya sakafu au kutoboa boriti ili bomba la maji machafu lipate mteremko. Hapo si kazi ya vigae tena.

Na dirisha kuligeuza mlango?

Ukishusha tu sehemu ya chini na upana ukabaki uleule, linta, ile boriti fupi iliyoko juu ya dirisha, inaendelea na kazi yake, ingawa kibali bado kinaweza kuhitajika. Ukipanua hata kidogo, linta inapoteza pa kukalia. Hiyo ni kazi ya muundo, ombea kibali.

Mkandarasi anataka kibali niombe mimi kwa jina langu, ati mwenye nyumba hasumbuliwi. Ni sawa?

Zipo sehemu ambazo sheria inamruhusu mwenye nyumba kuomba, na kama kweli unaisimamia kazi mwenyewe, omba. Lakini mara nyingi anayeomba ndiye anayehesabiwa kuwa msimamizi. Boriti ikipinda, barua ya kujieleza inakuja kwako, na mkandarasi atasema alikuwa kibarua wako. Mwenye leseni hai na bima hana sababu ya kuogopa jina lake kuandikwa kwenye karatasi. Muombe avionyeshe vyote viwili, leo. Akianza hadithi, mimi nisingempa kazi hata kwa nusu ya bei.

Mkikubaliana, andikeni kwenye mkataba nani anaomba kibali, nani anamwita mkaguzi kwa kila hatua, na kwamba malipo ya mwisho yatatoka baada ya ukaguzi wa mwisho kupita. Kipengele hicho cha malipo kina nguvu kuliko vitisho vyote utakavyomtolea kwa simu.

Nimenunua nyumba, kisha nikagundua chumba cha nyuma kiliongezwa bila kibali. Sasa nataka kukarabati jiko. Nikinyamaza?

Kaka, mkaguzi wa jiko atakuja na ramani iliyoidhinishwa, na chumba hakijifichi. Afadhali ukitaje mwenyewe. Mamlaka nyingi zina njia ya kuhalalisha kazi iliyokwisha kujengwa: unalipa ada, pengine na faini, kisha unathibitisha kwamba kilichojengwa ni salama.

Ugumu uko kwenye kuthibitisha. Msingi umezikwa, nondo zimo ndani ya zege, plasta imefunika kila kitu. Mhandisi atalazimika kuchimba pembeni mwa msingi, kupiga tindo mahali pachache, na kupitisha kifaa cha kutambua nondo kwenye nguzo. Kisha inakuwa moja kati ya tatu: kinakubaliwa kilivyo, kinaimarishwa, au kinabomolewa. Jiandae kwa hilo la katikati, na usipake rangi mpya chumba hicho kabla ya kujua. Soma pia bima yako, maana kampuni inaweza kukataa kulipa hasara inayohusu sehemu isiyo na kibali.

Anayesoma hili na bado hajanunua, aombe ramani iliyoidhinishwa na atembee nayo nyumba nzima, chumba kwa chumba, kabla hajatoa hela.

Mimi ni mstaafu. Juu ya slabu ya nyumba yangu nataka chumba kimoja chepesi cha mabati, na tanki la maji la lita 1,000. Vitu vyepesi tu. Kuna haja ya kumsumbua mhandisi?

Shikamoo mzee. Maji ya lita 1,000 yana uzito wa tani 1, na hapo hatujapima tanki wala kinara chake. Yote hayo yanatua kwenye miguu michache. Slabu yenyewe ikiwa na unene wa sentimita 15 tayari ina kilo 360 hivi kwa kila mita ya mraba. Kama ilisanifiwa kuwa paa, ilipigiwa hesabu ya fundi anayepanda mara mojamoja, si ya watu wanaolala na kuhifadhi vitu.

Duka kubwa la Sampoong mjini Seoul liliporomoka tarehe 29 Juni 1995 na kuua watu 502. Lilianza na mpango wa ghorofa nne, ikaongezwa ya tano. Nguzo zilikuwa zimepunguzwa unene, na mitambo mizito ya kupoza hewa iliwekwa juu ya paa. Mkandarasi wa mwanzo alikataa mabadiliko, akaondolewa, na mwenye duka akaimalizia kazi kwa kampuni yake mwenyewe ya ujenzi. Nyumba yako si duka, mzee wangu, lakini swali ni lilelile: nguzo na msingi vilipigiwa hesabu ya nini? Mhandisi anaweza kukujibu akiziona ramani za awali, na pengine atashauri tu tanki lisogezwe juu ya nguzo. Chumba ndicho kitakachohitaji kibali hakika.

Zege limeshaagizwa kesho asubuhi na mkaguzi hajatokea. Tumwage?

Msimwage. Ahirisheni gari. Nondo zikishafunikwa hakuna wa kuhesabu ngapi ziliwekwa, unene gani, na kama ziliinuliwa kutoka kwenye mbao za chini. Mkaguzi ana haki ya kuagiza pavunjwe, na kuvunja zege ni ghali kuliko kulisubirisha. Pia mirunda isitolewe kwa sababu zege linaonekana kavu. Nguvu yake kwa kawaida hupimwa likiwa na siku 28. Tarehe ya kutoa aitaje mhandisi, kwa maandishi.

Naishi kwenye jengo la ghorofa. Ukuta uko ndani ya kwangu, uamuzi si wangu?

Rangi yake ni yako. Kama unabeba, ni wa kila anayeishi juu yako, kwa hiyo pamoja na kibali utahitaji ridhaa ya mwenye jengo au umoja wa wamiliki. Uliza pia kama slabu zina kebo za chuma zilizovutwa. Kama zinazo, asitoboe mtu sakafu wala dari hadi kebo zitafutwe kwa kifaa na kuwekewa alama, kwani ikikatwa moja inaweza kufyatuka kwa nguvu ya kuua, na slabu inapoteza sehemu ya uwezo wake papo hapo.